Zambarau Iliyokataa Kufika Myanga

Baba mkwe wangu aliamini kwamba nchi hii ina wezi wa rangi. Wezi wa ng'ombe aliwajua, wezi wa mahindi aliwajua, lakini hawa wa rangi, alisema, hawana hata haya, kwa sababu wanakuibia kitu ukiwa umekishika mkononi. Unaliona tumbawe kwenye simu, zambarau ya kupendeza, ncha zake kijani cha kung'aa. Unaagiza. Linafika Bungoma na basi la asubuhi, ndani ya mfuko wa maji, ndani ya boksi lililozungushiwa selotepu kila upande. Unalifungua, na ndani kuna kitu cha rangi ya chai ya kibandani.

"Mwandikie," alikuwa akisema. "Mwambie ni mwizi."

Karani wa malalamiko hayo nilikuwa mimi, mke wa mwanawe wa kwanza, kwa sababu ndimi niliyekuwa na simu nzuri na subira kidogo. Hiyo subira yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Nieleze kwanza jinsi bahari ilivyofika Myanga, kijijini kwetu Bungoma. Baba mkwe alitengeneza kreni bandarini Mombasa tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Wenzake walirudi nyumbani na friji, au na mke wa pili. Yeye alirudi na ujuzi wa maji ya chumvi. Alijenga tangi la vioo kwa mikono yake, akaliweka sebuleni pale ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, akakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, akayachuja, akayachanganya na chumvi maalumu inayouzwa kwa ndoo. Stima ikipotea, na kwetu hupotea hata wingu likikohoa, sola ilishika zamu. Ndani aliweka samaki wawili wa rangi ya chungwa, na matumbawe. Ya kuvunjwa baharini hakutaka hata kuyasikia. Aliagiza mtandaoni kutoka kwa watu wanaoyafuga nyumbani na kuyakata vipande, kama unavyokata kijiti cha muhogo ukakipanda kwingine. Kipande huja na ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kimegundishwa juu ya kigae kidogo, na kikipenda mahali kinakua.

Mimi ni mtu wa Kitale. Babu yangu alitoka upande wa Mlima Kenya akaja Trans-Nzoia kulima mahindi, na nyumbani kwetu ukweli hupakuliwa mezani pamoja na githeri. Mama yangu humwambia baba yangu mbele ya wageni kwamba shati alilovaa ni baya, na baba huenda kubadilisha. Nilipoolewa Bungoma nikakuta utaratibu mwingine. Mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mikono. Wanasalimiana kwa mbali. Sikalii kiti chake, simtazami usoni, na kumwambia kwamba amekosea ni jambo ambalo sikujua hata lingeanzia wapi. Tukiwa na la kuambiana linapitia kwa mama mkwe, hata tukiwa sisi watatu katika sebule ambayo ukinyoosha mguu umemgusa jirani.

"Muulize kama yule muuzaji wa Nairobi amejibu," baba angesema huku akiangalia tangi.

Mama angenigeukia. "Ati amejibu?"

"Mwambie Baba amejibu."

"Amejibu."

"Nimesikia," angesema baba. "Muulize amejibu nini."

Mwanzoni nilidhani nitapasuka. Baadaye nikagundua kwamba utaratibu huo una nafasi nzuri za mtu kujifichia, na mimi nilizitumia zote. Baba alipotamka, "Mwambie ni mwizi," niliandika, "Asante sana, kipande kimefika salama." Alipotamka, "Mwambie mama yake alizaa hasara," niliandika, "Mzee anakusalimu na kukutakia baraka." Wauzaji walitupenda kupita kiasi. Yule wa Nairobi alituongezea kipande kimoja cha bure kwa sababu ya heshima ya mzee.

"Umeona?" baba alimwambia mama alipokipokea. "Ameogopa."

Moyoni nilikuwa upande wa wauzaji. Nina duka la vitambaa Bungoma mjini, na ugomvi wa rangi ndio chakula changu cha kila siku. Mteja huchagua kitenge chini ya taa ya dukani, akifika nyumbani ananirudishia akisema nilimbadilishia. Siku hizi simuuzii mtu kabla sijamtoa na kitambaa mlangoni akakiona kwa jua. Wauza matumbawe nao hupiga picha chini ya taa ya buluu, na chini ya taa hiyo hata soksi kuukuu ingetoa mwanga. Halafu lile tumbawe likisafiri ndani ya boksi lenye giza linanuna, linageuka kahawia, na huchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Hayo yote nilimweleza mama, mama akamweleza baba, baba akajibu kwamba ndivyo wezi wanavyoongea.

Na kusema kweli, mara ya kwanza hakukosea. Lile tumbawe la kwanza liligeuka kahawia kabisa, likakaa hivyo, na maji yakaanza kuota ukungu wa kijani kwenye vioo. Tulimlaumu muuzaji, tukalaumu chumvi, tukalaumu sola. Kisha siku moja nikamkuta mama mkwe amesimama juu ya stuli, mkono ndani ya tangi, ananyunyiza omena, wale dagaa wa ziwani, zilizotwangwa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si ulisema ni mnyama?"

Ni kweli nilikuwa nimemwambia. Alikuwa ameniuliza kwa nini mzee analipia mawe, nikamweleza kwamba si jiwe, ni mnyama, tena si mmoja, ni wanyama wadogo wengi walioshikana, kila mmoja na mdomo wake.

"Sasa midomo mingi hivyo," alisema, "na imetoka safari ya mbali, na nyinyi mnaipatia maji tu? Hapa kwangu? Haiwezi kurara njaa hapa, bana."

Katika boma lile hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kula. Hata mtu wa kusoma mita hupewa ugali. Mama alikuwa akiwakaribisha wale wageni asubuhi na jioni, na shibe yote hiyo ndiyo iliyochafua maji na kulifanya tumbawe liwe kahawia. Baba alibadilisha maji, akasugua vioo, akaweka kifuniko chenye komeo. Mama alinuna siku nzima. Alisema atazungumziwaje na watu.

Halafu maji yakatakata, na wiki chache baadaye rangi ikaja. Niliiona mimi kwanza, nilipokuwa napitisha sinia la chai. Zambarau safi ilikuwa imepanda kutoka kwenye shina, na kila ncha ina kitone cha kijani. Ilikuwa nzuri hata nikasahau nilichobeba.

"Mama, mwambie Baba rangi imekuja!"

Mama alikuja, akatazama, akapiga makofi. Baba akasogea, akainama mbele ya kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Kahawia," alisema. "Muulize anaona wapi hiyo rangi."

Nikadhani anatania. Niliinua macho, na kwa kuwa siruhusiwi kumtazama yeye nikatazama kioo cha tangi, na ndani ya kioo uso wake ulikuwa umenielekea mzima. Nilikuwa nimeishi kama mkwe wake miaka mingi bila kuyaona macho yake. Yalikuwa na utando. Mboni zote mbili zilikuwa na ukungu wa manjano, moja zaidi ya nyingine, kama maji ya kuoshea mchele. Niliweka sinia chini.

Jikoni nilimwuliza mama kama anajua.

"Najua," alisema bila kuacha kuchochea moto. "Na yeye anajua. Anaogopa."

Mtoto wa jicho hutibika, nilimwambia, watu wanafanyiwa upasuaji kila siku, ukungu unaondolewa na mtu anarudi nyumbani anaona. Mama alisema amemwambia hayo mpaka ulimi umechoka, na jibu lake ni moja: kreni ukiikosea unaagiza spea, lakini spea ya jicho haipatikani. Nilimpigia mume wangu, ambaye anafanya kazi Nairobi. Mume wangu hubishana na polisi wa barabarani bila wasiwasi wowote, lakini nilipomwambia azungumze na baba yake alisema mtandao unasumbua. Ndugu zake walikuwa vivyo hivyo. Watoto wazima, wengine na vipara, na hakuna hata mmoja wa kumwambia mzee kwamba haoni.

Basi kila kitu kikaendelea kuwa kahawia na kila mwenye tangi la maji ya chumvi nchini akaendelea kuwa mwizi. Baba aliamua kwamba shida ni mwanga mdogo. Akaongeza taa, kisha akaongeza nyingine, mpaka sebule ikawa ya buluu na sisi sote tukafanana na watu waliokosa damu. Matumbawe yalianza kufifia. Mwanga ukizidi huyachoma, yanatupa rangi yake na kubaki meupe. Tuliyaona yakififia, yeye akaona kahawia nyepesi, akasema angalau kuna maendeleo.

Ningeendelea kucheka laiti isingekuwa ile baiskeli. Baba alikuwa bado anaendesha baiskeli kwenda sokoni. Siku moja alirudi akiisukuma, gurudumu la mbele limepinda kama chapati iliyokunjwa, na kiwiko kinavuja damu.

"Trakta ya miwa," alimwambia mama. "Dereva mjinga. Hajawasha taa."

Mama alimtazama. "Saa sita mchana, baba watoto? Taa?"

Baba akaenda kuketi mbele ya tangi. Mimi nilikuwa nje ya mlango nikiosha vyombo, na nilikasirika hadi nikavunja kikombe. Nilikuwa nampenda yule mzee. Alikuwa mtu pekee katika ukoo ule aliyeniuliza, kupitia kwa mama, kama naikumbuka Kitale. Na sasa angekufa chini ya trela la miwa kwa sababu sisi sote tuna adabu nyingi mno. Niliamua siku hiyo kwamba adabu yangu nitaitumia kwa njia nyingine.

Mmoja wa wauzaji wetu alikuwa Kitale. Alikuwa na duka la simu karibu na msikiti, na nyuma ya duka alifuga matumbawe yake. Watu walibishana kama babu yake alitoka Lamu au Yemeni, na akiulizwa mwenyewe alijibu kwamba ametoka Kitale, swali linalofuata. Lile tumbawe la zambarau lilikuwa limekatwa kutoka kwa lile la kwake kubwa. Baba alimchukia kuliko wezi wote. Safari hii aliponitamkia matusi niliyaandika vilevile bila kupunguza hata nukta, na chini yake nikaongeza maneno yangu mwenyewe nikimweleza habari ya macho, ya trakta, na ya desturi yetu. Jibu lilikuja upesi, na nikalisoma kwa sauti.

"Anasema, kama mzee ni mwanamume kweli, aende Kitale alione kwa macho yake lile tumbawe mama lililokatiwa letu. Asipoona zambarau, arudishiwe kila kitu mbele ya watu."

Baba alisimama. "Mwambie tunaenda kesho."

Mama alikuwa na mgeni wa kanisa, hakuweza kuja. Hilo halikuwa kwenye mpango wangu. Nilikuwa nimezoea kujificha nyuma yake, na sasa nilikuwa naenda na baba mkwe kwa gari la jirani, yeye mbele, mimi nyuma, na dereva ndiye aliyekuwa akipitisha maneno yetu mpaka akachoka, akafungua redio.

Dukani tulipokewa vizuri kuliko tulivyostahili. Muuzaji, kijana mnene mwenye kofia ya kufuma, alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu, mzee wangu. Wewe ndiye umeniita mtoto wa hasara?"

"Ni mimi," alisema baba.

"Haya, karibu chai."

Baba alikataa chai. Alitaka tumbawe. Tukaingia nyuma ya duka, na pale, ndani ya tangi pana, lilikuwapo lile kubwa, limetanuka kama sinia, zambarau kutoka ukingoni mpaka katikati. Nilishusha pumzi. Baba aliinama, akatazama, kisha akanyooka na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Hata lako ni kahawia!"

Muuzaji hakubishana. Aliita wateja waliokuwa dukani. Akaja mama mmoja aliyekuja kununua chaja, ambaye hakujua lolote kuhusu ugomvi wetu.

"Mama, samahani. Hii kitu ni rangi gani?"

"Hii? Si ni zambarau. Ai, ni smart! Inauzwa?"

Akaja mpishi wa hoteli ya jirani na unga mikononi. Zambarau, alisema, na kwa nini anaulizwa. Akaja mwingine aliyevaa gwanda la gereji. "Ni papo, mzee, hii zambarau. Niaje, kwani ni mtihani?"

Kila mmoja alicheka, akarudi kwenye shughuli zake. Baba hakucheka. Alishika ukingo wa tangi kwa mikono miwili, nikaona vidole vyake vikitafuta kona ya kioo kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nilitamani niyafute yote, watu wale, safari, ujanja wangu wote. Nilikuwa nimetaka ajue, na sasa alijua, na nilikuwa naumia kumwangalia.

Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakukuwa na mama wa kumtuma. Alinigeukia mimi mwenyewe.

"Na wewe unaona nini?"

Nilimjibu nikitazama tangi. "Zambarau, Baba."

"Na lile la nyumbani?"

"Lilikuwa zambarau, Baba. Sasa limekuwa jeupe. Taa zimelichoma."

Muuzaji akajifanya anapanga waya.

"Hiyo hospitali ya macho iko wapi?" aliuliza baba. "Najua haukunileta hapa kwa ajili ya mawe tu. Mimi sioni, lakini si mjinga."

Ilikuwa mtaa wa pili. Muuzaji alikuwa ameshatuwekea nafasi.

Daktari alikuwa msichana mdogo, na baba alimwuliza maswali magumu kwa sauti ya fundi. Alipomwambia habari ya spea, daktari alifungua kijisanduku akamwekea kiganjani lenzi ndogo, nyepesi kama gamba la dagaa. Hii ndiyo spea, alisema. Ile ya zamani imechakaa, tunaitoa, tunaweka hii. Baba aliigeuzageuza karibu na pua. Akauliza imetengenezwa wapi, na kama boliti zake huwa zinalegea. Daktari akasema haina boliti. Baba akasema hapo ndipo alipokuwa na wasiwasi, akakubali.

Tulianza na jicho lile baya zaidi. Siku alipofanyiwa upasuaji, mvua ilikuwa inanyesha Kitale, na alipotoka, jicho moja likiwa limefunikwa na lingine likiwa halisaidii, tulifika kwenye ngazi za nje, ndefu na zenye maji, yeye na mimi tu. Alisimama. Mimi pia nilisimama. Mkono wangu ulikuwa tayari, na wake ulikuwa tayari, na hakuna aliyeweza kuanza. Mwishowe nilifunga mwavuli, nikashika mpini, nikamnyooshea ncha. Aliishika kwa nguvu. Tukashuka hivyo ngazi moja baada ya nyingine, mimi mbele, mwavuli katikati, sisi wote tunalowa, na watu waliokuwa wamejikinga barazani wakitushangaa kwamba tuna mwavuli na hatuufungui. Baba alianza kucheka kabla yangu.

Siku alipotolewa kitambaa tulirudi Myanga mchana. Mama alikuwa amepika kuku na alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake ya kanisani. Baba alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Alitazama yale matumbawe meupe aliyoyachoma mwenyewe. Akatafuta na kulipata moja dogo lililokuwa limejificha kivulini nyuma ya jiwe, ambalo bado lilikuwa na rangi yake. Akafunika jicho moja kwa kiganja, akafunua, akafunika lingine.

"Kahawia," alisema. "Zambarau. Kahawia. Zambarau." Aliendelea hivyo muda mrefu, nasi tulisimama nyuma yake tusijue kama tucheke au tulie. Mimi nililia.

Halafu akageuka. Mama alikuwa amesimama kwenye mwanga wa mlango, na yeye akamtazama kwa lile jicho jipya. Alimtazama nywele, akamtazama mashavu, akashuka mpaka mikono, akarudi usoni. Uso wake ukabadilika.

"Umezeeka lini?" alimwuliza kwa sauti ndogo.

Mama alishika kanga yake, akainyoosha begani.

"Si ulikuwa hapa?" alisema.

Baba aliondoka mbele ya tangi, akavuta stuli, akaketi mbele ya mama na kuendelea kumtazama, hata mama alipomwambia aache hayo, kuku anapoa.